Mzee Gonga na Kuni Mbichi

Baba yangu hanunui kuni, anazihoji. Watu wengine wakifika kwenye uwanja wa kuni wanauliza bei, wanapakia, wanaondoka zao. Yeye anavua koti, analitundika kwenye uzio, anakunja mikono ya shati, ndipo anaanza. Ukuni mmoja mkono wa kulia, mwingine mkono wa kushoto, anazigonganisha karibu na sikio huku amefumba macho. Zikilia ko, zinakwenda garini. Zikilia du, zinarudi zilikotoka, na muuzaji anatazamwa kama mtu aliyekutwa na kuku wa jirani chini ya koti. Ndiyo maana mtaa mzima unamwita Mzee Gonga. Mimi mwenyewe, fundi cherehani mwenye duka langu na kibao changu mlangoni, wateja wananiita binti Gonga. Silipendi jina hilo, lakini nishachoka kubishana.

Si kwamba alizaliwa hivyo. Alifanya kazi miaka thelathini na mmoja katika kiwanda cha nguo, kwenye chumba cha tanuri, akilisha moto uliochemsha maji ya kutia rangi vitambaa. Humo ndani, alivyotusimulia, watu walizungumza kwa mikono, maana mashine zilinguruma kutwa kucha. Akirudi nyumbani aliomba chumvi kwa sauti ya kufukuza mwizi. Sisi watoto tulidhani ni ukali, tukawa tunamsogezea kopo haraka haraka. Alipostaafu walimpa saa ya ukutani na barua yenye muhuri. Yale yote aliyoyajua kuhusu kuni hayakuwa na pa kwenda, akayaleta nyumbani.

Na jamani, alijua! Msonobari, alisema, unashika moto upesi lakini una utomvu, msimu mmoja tu bomba la moshi limeziba. Mparachichi unawaka kwa mbwembwe na kuzima kabla hujavua viatu. Mkaratusi ndio wenyewe, ila ukae miezi minane, tena umepasuliwa, tena chini ya paa. "Usiangalie nyufa," alikuwa akiniambia. "Nyufa zinaletwa na jua la wiki mbili, na ndani bado ni maji matupu. Wala usipime kwa mkono. Mkaratusi mkavu unaweza kuwa mzito kuliko msonobari uliokatwa jana. Mlio, mwanangu. Sikiliza mlio." Mimi nilikuwa nasema ndiyo baba, ndiyo baba, huku nawaza pindo la gauni la mteja.

Kwetu maarifa hayo hayakuwa ya kujionyesha. Mji wetu uko juu mlimani, na miezi mitatu ya mwaka baridi yake haina adabu: inapita chini ya mlango bila hodi na kupanda kitandani. Nyumba ina vyumba vitatu, na katikati ya sebule kuna jiko la chuma ambalo fundi wa kuchomelea alilitengeneza kwa pipa la mafuta, lenye bomba linalopita darini hadi nje. Jiko hilo linatupasha joto sote, hasa mama. Mama ana kifua. Baridi ikimshika anakohoa, moshi ukimshika anakohoa zaidi, na kuna mwaka alikohoa hadi tukamlaza hospitali siku tisa. Daktari wake, mwanamke mwembamba asiyependa maneno mengi, alituambia bila kuzungukazunguka: mama akae kwenye nyumba yenye joto isiyo na moshi, la sivyo kila msimu wa baridi ahamie huko chini kwenye joto.

Huko chini yuko mama mdogo, mdogo wake mama, mwenye nyumba ya kutosha na mdomo wa kutosha zaidi. Alishasema mara mia: nileteeni dada yangu. Mama hataki kwenda bila baba. Baba hataki kwenda kabisa. "Nikafanye nini huko?" anasema. "Watu wanalala madirisha wazi. Na yule shemeji yangu akianza kuongea asubuhi, jioni bado hajafika kwenye habari yenyewe." Wameoana miaka arobaini na minne, na hawajawahi kulala miji tofauti ila kwa misiba. Basi tukakata shauri: kuni zikiwa kavu, mama anabaki. Zikiwa mbichi, mama anakwenda na baba anabaki, na ndoa yao inagawanywa kwa basi. Kazi ya kuhakikisha kuni ni kavu ikawa ya baba, na hakuna aliyethubutu kumwuliza mara mbili.

Mwaka huu nilikwenda naye uwanjani. Cherehani yangu ilikuwa mbovu, nangojea kipuri, nikaona afadhali ninyooshe miguu. Uwanja wenyewe uko nyuma ya kituo cha mafuta: rundo kushoto, rundo kulia, mzani uliofungwafungwa kamba, na banda la mabati. Mwenye mali ni Mama Magogo, mjane mwenye mikono ya kubeba dunia, ambaye ameiuzia nusu ya mji kuni kwa miaka ishirini. Siku hiyo hakuwepo. Binti yake alikuwa amejifungua, naye alikwenda kumtunza, biashara akamwachia shemeji yake. Shemeji huyo ni bwana mzima, ndevu mpaka kifuani, hedifoni masikioni, ameegemea mzani kama kwamba mzani ndio unaomlipa mshahara.

Baba akavua koti, akakunja mikono. Niliona kila kitu kwa macho yangu, ndiyo maana hadi leo najichukia kidogo. Baba anagonga, anamtazama yule bwana usoni. Yule bwana kichwa juu, kichwa chini. Ukuni unapanda pikapu. Baba anagonga tena, anatazama, kichwa juu, kichwa chini, ukuni unapanda. Nikajisemea, mtu gani huyu hana hata haya ya kutoa hizo hedifoni mbele ya mzee. Basi, nikaishia hapo. Nilichofurahia ni kwamba mwaka huu baba hakukataa hata ukuni mmoja. Miaka mingine alikaa huko hadi alasiri na ugomvi juu, lakini siku hiyo saa sita mchana tulikuwa tumelipa na kuondoka. Tukazipanga upenuni nyuma ya nyumba, safu juu ya safu. Baba akazipigapiga kwa kiganja akasema, "Msimu huu mama yako atalala fofofo."

Baridi ilipoingia, baba akawasha jiko kwa heshima zote: karatasi, vijiti, kuni mbili, halafu wa tatu. Moto ukashika, ukasitasita, ukaanza kutoa moshi mzito wa rangi ya maji ya kufulia. Nikasikia sss. Mwanzoni nilidhani ni birika. Nikainama mbele ya jiko, nikaona povu linatoka kwenye ncha za kuni, maji yanachuruzika.

"Baba, zinafoka hizi. Husikii?"

"Ni bomba," akasema. "Limeziba."

Kesho yake mzee wa miaka sabini na miwili akapanda juu ya paa na brashi ya waya, mimi nashikilia ngazi roho iko mkononi. Akashuka mweusi kama sufuria ya msibani. Masizi yaliyotoka hayakujaa hata kopo. Tukawasha tena, moshi ule ule. Tukifungua dirisha baridi inaingia, tukilifunga moshi unatuzonga. Mama amekaa pale kwenye kiti chake, amejifunika shuka hadi puani, anakohoa kwa kujibanabana kama mtu anayecheka kanisani. Nikimwuliza, anasema, "Mafua tu haya."

Siku ya nne nikachukua shoka nikaupasua ukuni mmoja katikati, nikauweka shavuni. Ulikuwa wa baridi na unyevu, kama shavu la mtoto aliyetoka kuoga. Nikampelekea baba mbele ya jiko.

"Shika. Mbichi huu."

"Huo mmoja."

"Nimepasua tano."

"Mimi nimezigonga mwenyewe, moja moja!" Sauti yake ilitikisa vikombe. "Wewe unajua nyuzi na vifungo. Usije ukanifundisha kuni."

Mimi mdomo ninao, hakuna asiyejua, lakini huyo ni baba yangu. Nikaumeza uchungu wangu, nikarudi dukani nikashona mikono miwili ya kushoto kwenye shati moja.

Siku ya saba mama akashindwa kumaliza sentensi. Anasema maneno mawili, anatafuta pumzi, anasema la tatu. Tukampeleka hospitali. Daktari yule mwembamba, barakoa usoni, akamsikiliza mgongo, akampa dawa ya kuvuta na vidonge, akasema turudi Alhamisi ya wiki inayofuata. Kifua kikiwa hakijafunguka, mama aondoke mlimani mara moja, hakuna mjadala. Baba alisimama mlangoni akiitikia kila neno kwa kichwa. Tulipofika barabarani akanivuta pembeni.

"Amesemaje?"

"Si ulikuwepo, baba?"

"Nilikuwa nawaza."

Nikamweleza, naye akasema tarehe hiyo si mbali, moto utakuwa umekaa sawa. Mori ulikuwa umenipanda, lakini si kwake. Niliona wazi kwamba mzee wangu ametapeliwa, na mtu wa kupewa vidonge vyake ni Mama Magogo.

Siku ya kumi ndipo nilipomkuta amerudi, anapasua gogo kwa shoka. Nikautupa ule ukuni uliopasuliwa miguuni pake.

"Shikamoo, na leo tutaelewana! Mmetuuzia mbuzi kwenye gunia. Mama yangu hapumui!"

Hakunijibu kwa ukali niliouzoea. Aliutazama ukuni bila hata kuugusa. "Huo umetoka rundo la kulia," akasema. "Haujamaliza hata miezi miwili. Nani amewapa?"

"Baba amechagua mwenyewe. Amegonga zote."

Akaliweka shoka chini. "Mimi nilikuwa sipo."

"Najua ulikuwa hupo! Kwani baba anahitaji uwepo wewe ndipo ajue kuni?"

"Kaa, mwanangu."

"Sikai."

"Kaa." Nikakaa kwenye gogo. Naye akakaa, akajifuta jasho, akasema kama mtu anayetoa mwiba: "Baba yako hasikii."

Nilitaka kumcheka. Lakini alikuwa akinitazama kwa huruma, na huruma ya Mama Magogo si kitu cha kawaida.

"Huu mwaka wa tatu," akasema. "Zamani akigonga anafumba macho. Mwaka juzi nikaona hafumbi tena. Anagonga, ananiangalia mimi usoni. Nikikunja uso anaurudisha ukuni, nikiitikia anaupakia. Siku ya kwanza nilidhani ananitega. Halafu nikaelewa. Tangu hapo nikijua anakuja, zile kavu naziweka mbele, mbichi nazifunika turubai. Yeye anagonga, mimi namjibu kwa uso, anaondoka na kuni nzuri."

"Na hukuniambia?"

"Nikuambie nini? Mzee hakuniomba kwa mdomo, na mimi sikumjibu kwa mdomo. Tulikuwa tunaelewana."

Wakati huo huo yule shemeji akatokeza bandani, hedifoni zake masikioni, akatupita kwenda kujisaidia. Kichwa juu, kichwa chini, kichwa juu, kichwa chini, anafuata muziki wake. Mama Magogo akamwona, nami nikamwona, tukatazamana. Mungu wangu! Baba alimwuliza kwa macho kama ukuni ni mkavu, na bwana yule akaitikia ngoma. Aliitikia ngoma asubuhi nzima, na baba akapakia kila kitu.

Mama Magogo aliinuka akamvua hedifoni kwa mkono mmoja, akamwambia maneno ambayo mimi, pamoja na mdomo wangu, siwezi kuyaandika hapa. Mimi nilibaki kwenye gogo nashindwa nicheke au nilie. Kilichoniuma zaidi hakikuwa yule bwana. Kilichoniuma ni kwamba baba alijua. Mtu hawezi kusoma uso wa muuzaji miaka mitatu bila kujua kwa nini anausoma. Alijua hasikii, na bado alinifokea kwamba amezigonga mwenyewe.

Nilirudi nyumbani nikapitia nyuma. Alikuwa upenuni, amenipa mgongo, anazipanga kuni upya ili zipate upepo. Nikasimama hatua tatu nyuma yake.

"Baba," nikasema kwa sauti yangu ya kawaida.

Akaweka ukuni juu ya mwingine.

"Baba, nyumba inaungua."

Akachukua mwingine, akautazama ncha, akauweka.

Vitu vikaanza kujipanga kichwani vyenyewe: redio inayosikika hadi kwa jirani, majibu yasiyoendana na swali, jinsi alivyoacha kwenda vikao vya mtaa eti watu wanaongea upuuzi. Niliishi naye nyumba moja na sikuona hata kimoja.

"Usimjaribu hivyo baba yako," mama akasema kutoka dirishani.

Niliingia ndani. Alikuwa amerudi kwenye kiti chake, shuka puani, moshi umejaa sebule. Nikaelewa kabla hajasema.

"Na wewe unajua."

"Mimi nalala naye," akasema. Akatafuta pumzi. "Najua tangu hajastaafu. Nikitaka aelewe, nasimama mbele yake."

"Basi mbona hukumwambia kuni ni mbichi? Umekaa hapa siku kumi unavuta moshi!"

"Kila asubuhi ananiuliza, kuni nzuri? Namwambia nzuri. Hiyo ndiyo kazi aliyobaki nayo, mwanangu. Nimnyang'anye?"

"Mama, unataka kufa ili mtu asione haya?"

"Punguza sauti."

"Nani atanisikia?"

Alinitazama. Halafu akacheka, na mimi nikacheka, tukacheka kama wendawazimu hadi kicheko chake kikageuka kikohozi, na kikohozi kikakataa kuisha. Nilimshika mabega nikahisi mifupa yake inavyoruka. Hapo ndipo nilipoamua kwamba heshima hiyo imetosha.

Nilikwenda nyuma, nikazunguka rundo, nikasimama mbele ya baba ili anione mdomo.

"Baba. Kuni ni mbichi. Hukuzisikia."

"Nani amesema sisikii?"

"Mama Magogo hakuwepo. Yule bwana alikuwa anasikiliza muziki. Kile kichwa hakikuwa kinakujibu wewe."

Macho yake hayakutoka kwenye midomo yangu. Niliona maneno yakimwingia moja moja, na la mwisho lilipoingia akakaa juu ya rundo lake mwenyewe.

"Nilidhani anakubali," akasema.

"Najua."

Nilijiandaa kwa hasira yake, nilikuwa na majibu ya kila aina. Akauliza kitu kingine kabisa.

"Mama yako anakohoa usiku?"

"Anakohoa."

"Kila usiku?"

"Kila usiku, baba. Mimi nasikia kutoka chumba cha pili."

"Mimi nalala pale pale," akasema. "Ubavuni."

Hasira yangu yote iliniishia pale pale. Nilitamani nirudishe maneno yangu yote, na nilijua siwezi.

Asubuhi yake ilikuwa siku ya kumi na moja, bado siku nne hadi Alhamisi. Mama Magogo akaja na pikapu bila kuitwa, akashusha kuni kavu, akapakia zile mbichi, hakutaka senti. Alimnyooshea baba kuni mbili, kwa adabu, azigonge. Baba hakuzipokea. "Weka tu, mama," akasema, akaingia ndani. Moto wa siku hiyo uliwaka safi, sebule ikapata joto, moshi ukakata. Baba alivuta stuli akakaa mbele ya mama na hakuinuka. Kikohozi chake hakuweza kukisikia, basi alikuwa anakitazama, kwenye mabega. Kila mabega yakiruka, baba anakunja vidole. Siku zote nne hakusema maneno ishirini.

Alhamisi tukaenda hospitali. Baraza lilikuwa limejaa, watu wamebanana kwenye mabenchi na vikaratasi vyao vya namba. Nusu yao ni wa mtaani kwetu, na hawakukosa kusalimia, Mzee Gonga, hujambo Mzee Gonga. Tulipoitwa, chumba kilikuwa kidogo kiasi kwamba mlango haukufungika tukiwa ndani wote watatu. Daktari akasikiliza kifua cha mama, mbele na nyuma, muda mrefu. Akaandika. Akaanza kuongea, taratibu, sauti ya chini, barakoa usoni.

Baba akainua mkono kama mwanafunzi.

"Daktari," akasema, "nisamehe. Shusha hiyo barakoa, uongee kwa nguvu. Mimi ni kiziwi."

Alisema kwa ile sauti yake ya kiwandani. Kule nje kwenye mabenchi mazungumzo yalikatika. Mama akainamisha uso. Mimi nilitazama sakafu, lakini yeye hakutazama sakafu, alikuwa anautazama mdomo wa daktari.

Daktari akashusha barakoa. "Nimesema mama aondoke," akasema, na kwa kuwa hakuna namna ya kumnong'oneza kiziwi, ilibidi apaze sauti. "Wiki hii. Akae kwenye joto mpaka baridi iishe."

"Kuni sasa ni kavu."

"Hata zikiwa kavu, mzee. Mwaka huu tumechelewa."

"Ni zile siku za moshi? Siku kumi?"

Daktari alisita. Nilimwona akitafuta neno laini, lile ambalo angemwambia mtu mwingine yeyote kwa sauti ya chini na mkono begani. Halikuwepo. "Ndiyo, mzee!" akasema kwa nguvu. "Ni ule moshi!"

Baraza zima lilisikia. Baba akaitikia kwa kichwa, mara moja tu, akageuka kwa mama, ambaye alikuwa akisema kitu huku ameinama. Akamgusa kidevu.

"Niangalie ukiongea."

"Nasema nitakwenda peke yangu," mama akasema. "Wewe una nyumba."

"Nyumba ina binti."

"Na dada yangu anavyoongea? Utamweza?"

"Acha aongee. Nikichoka nitaangalia pembeni."

Mama alitaka kucheka akajizuia, kwa ajili ya kifua. Baba akaingiza mkono ndani ya koti, akatoa pochi yake, akanipa yote jinsi ilivyo.

"Nenda stendi," akaniambia. "Kakate tiketi mbili."

"Baba, hutarudi kabla ya—"

Hakungoja nimalize. Alikuwa ameshaniacha, anamvisha mama sweta, mkono wa kwanza, mkono wa pili, anatazama mabega yake. Nikatoka nikapita katikati ya watu wa mtaani, na hakuna aliyeniita binti Gonga. Nikaenda stendi nikakata tiketi mbili, viti vya pamoja, na nililia dirishani mbele ya karani bila kujali nani ananiona.